Malka ya Marekani

Barua ya mratibu wa mradi ililetwa na mwendesha bodaboda, imegongwa muhuri mara mbili, kana kwamba muhuri mmoja usingenitisha vya kutosha. Ilisema kwamba chumba cha kusomea cha Garsen, ninachokisimamia bila mshahara tangu nilipostaafu ualimu, kimeonekana kuwa na vitabu vya mauaji; kwamba eneo letu ni eneo lenye historia; kwamba vitabu hivyo viondolewe, la sivyo nirudishe ufunguo. Niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimeketi, mara ya tatu nikacheka kwa hasira. Historia! Mtu aliyekuja juzi na begi la magurudumu ananifundisha mimi historia ya Tana Delta.

Chumba ni cha mradi wa amani, hilo sikatai. Zamani kilikuwa ghala la embe, na mpaka leo jua likikaza sakafu hutoa harufu ya embe lililochacha. Mradi ulikipaka rangi, ukaleta rafu mbili, mabenchi manne, na vijitabu vya kurasa chache vyenye picha za watu wanaopeana mikono huku wakitabasamu kupita kiasi. Sikuwahi kumwona mtu akikirudia kijitabu hata kimoja. Najua, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikivipangusa vumbi.

Vitabu vya mauaji vilikuwa vyangu. Nilipewa na Mzungu mmoja aliyekuja kupima maji ya mto, akakaa nasi miaka miwili, na siku ya kuondoka akanishushia sanduku la mbao mlangoni. Ndani mlikuwa na riwaya ishirini za mwandishi mmoja, zote za mpelelezi mmoja, zote katika wilaya moja ya majimbo ya kusini ya Marekani: nchi ya mto mzito wa matope, mashamba ya pamba, mbu, kambare, na watu wasiosahau jambo. Zilikuwa na namba mgongoni, ya kwanza hadi ya ishirini na moja, ila ya nane haikuwemo. Mwandishi alianza kuziandika mimi sijaolewa, na ya mwisho aliitoa mimi nina wajukuu.

Nilisoma mbili peke yangu. Ya tatu nilimsimulia mama mmoja wa Golbanti aliyekuwa akileta ndizi na mahindi mabichi sokoni, mwanakwaya wa kanisa, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi usiopumzika. Alisikiliza huku anachambua mahindi, na nilipofika mahali mpelelezi anaufungua mlango wa kanisa lililoachwa, akaniambia, "Mwalimu, ukiacha hapo, sikuuzii tena ndizi." Jumamosi iliyofuata alikuja na shemeji zake wawili. Ndivyo tulivyoanza, upya kutoka cha kwanza, saa nane mchana hadi alasiri, mimi nikiwa na kitabu cha Kiingereza mikononi na Kiswahili cha kwetu Ozi mdomoni, sentensi baada ya sentensi.

Mzee mmoja mfugaji aliingia kwa sababu ya simu. Chumba kina umeme wa jua na yeye alikuwa amekuja kuchaji. Aliketi kwenye benchi la nyuma, fimbo magotini, akijifanya hasikii. Nilikuwa nasoma mahali mpelelezi anakagua nyayo kwenye ukingo wa mto na kutangaza kwamba wamepita wanaume wawili, mmoja mnene. Mzee akakohoa.

"Na ng'ombe?" akauliza.

Nikamwambia kitabu hakikutaja ng'ombe mahali pale.

"Umesema hapo ni mahali ya kunywa maji. Mahali ya kunywa maji iko na ng'ombe. Kinyesi ya ng'ombe itakwambia hao watu walipita asubuhi ama jana. Huyo mutu ya serikali anaangalia viatu peke yake." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hatashika mutu huyo."

Simu yake ilijaa chaji na hakuondoka. Kuanzia siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja, isipokuwa ile miezi ya kiangazi alipopeleka mifugo mbali, na akirudi alidai asomewe vyote alivyokosa, kwa utaratibu wake, bila kurukwa hata mvua.

Nilifungua daftari la maoni, mambo ya ualimu hayamtoki mtu. Wale walioweza kuandika waliandika wenyewe, na wasioweza nikawaandikia. Ninalo mpaka leo, na nikilifungua nasikia sauti zao. Nasema wazi kwamba sijawahi kuona wahakiki wakali kama wale, na nilisomesha fasihi miaka ishirini na tisa.

Kwanza walifurahi mno kwamba Marekani kuna matope. Hilo liliwachukua Jumamosi nzima. Halafu wakaanza kumchambua mpelelezi. Mama wa Golbanti alimshuku tangu mwanzo kwa sababu hamalizi chakula: shangazi yake anampikia, anamwekea sahani, yeye anakula matonge mawili, simu inalia, anatoka. "Vitabu saba hajamaliza sahani," aliniambia niandike. "Mtu asiyemheshimu anayempikia, akikuambia anatafuta haki, wewe mwangalie tu." Pia hakuzeeka. Miaka ilipita, marais walibadilika humo ndani, simu za mezani zikawa za mkononi, na yeye bado anaruka seng'enge kwa mguu mmoja. Mzee alilalamika kwamba hata dume bora huchoka magoti.

Juu ya mafuriko ya kitabu cha sita walimvua nguo mwandishi. Mto unafurika ghafla, mpelelezi anaamka maji yako kitandani, kila mtu anashangaa. "Wanashangaa nini?" mama akauliza. "Kwani huko juu hawana watu? Sisi maji yakipita Nanighi, simu zinaanza kulia. Tunajua siku yatakayofika, tunahamisha kuku, tunahamisha mbegu. Au hao wa juu na hao wa chini hawaongei?" Nikatafakari, nikaona kwamba kweli, katika wilaya ile ya kitabuni, wa juu na wa chini hawakuwa wakiongea. Mwandishi mwenyewe hakuwa amelitambua jambo hilo.

Kisha watu weusi. Waliona mapema kuliko nilivyoona mimi. Katika karibu kila kitabu mtu mweusi hufa kabla ya ukurasa wa thelathini, na kuanzia hapo habari inakuwa ya huzuni ya mpelelezi. Au ni mpishi, au ni kibarua wa pamba anayesimama mlangoni ameshika kofia. "Hao wapishi," mama alisema, "wako ndani ya nyumba miaka yote. Wanajua nani alitoka, nani alirudi na shati limelowa. Lakini huyu bwana anazunguka na gari kutwa nzima hawaulizi. Akiwauliza, kitabu kitaisha siku moja." Maoni hayo niliyaandika kwa herufi kubwa. Bado nayaona bora kuliko mengi niliyowahi kuyasoma mahali pengine.

Pengo la kitabu cha nane lilituumiza. Cha saba kiliisha shangazi yu mzima, anamenya viazi. Cha tisa kikaanza na kaburi lake. Hatukujua amekufaje. Chumba kizima kilinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. Mama alilia waziwazi, akajifuta kwa kanga, akasema hawezi kuendelea kusikiliza kana kwamba hakuna kilichotokea. Basi Jumamosi iliyofuata hatukusoma. Alileta viazi vitamu, mzee akaleta maziwa, tukakaa matanga ya mwanamke wa karatasi. Waliopita barabarani walituona wehu, na sikuwajali.

Kutoka kitabu cha kumi na mbili, ubora ulishuka, lazima niwe mkweli. Mwandishi alichoka. Alianza kueleza mawingu kurasa tatu, na kila muuaji akawa tajiri mwenye suti nyeupe. Wengi walisema aache. Mzee alimtetea. "Mutu mzee akirudia maneno yake, unamwacha peke yake? Unakaa, unasikiza. Iko siku atasema neno."

Lakini kilichotufanya tuwe sisi ni namna tulivyozimaliza zile hadithi. Kwa watu wa huku, awe mkulima au mfugaji, kesi haikatwi mpaka kila upande usikizwe hadi mwisho, na anayemkata mwenzake kauli anaaibika. Kwa hiyo nilipokaribia sura ya mwisho walinizuia. Walisema si adabu mwandishi atoe hukumu kabla wao hawajazungumza. Nikawa naibana sura ya mwisho kwa pini ya mtandio, tunakaa baraza, wanatoa hukumu yao, ndipo nafungua. Mara nyingi walimpata muuaji. Mara nyingine walimpata wao, mwandishi akakosea.

Hicho ndicho nilichoagizwa kukiondoa rafuni.

Nilimwandikia mratibu wa mradi. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba kabla hajaondoa vitabu, aje asikie wasomaji. Nilikuwa na hofu, sitajifanya shujaa. Chumba kile kilikuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho baada ya kustaafu, na pale ndipo watu walioacha kusalimiana miaka ile mibaya ya wakulima na wafugaji kuuana walikuwa wakigombania nani amemuua mwenye duka la mashine za pamba. Miaka yenyewe kila mtu Tana Delta anaijua, na mimi sitaisimulia hapa ili mtu apate cha kusikitikia. Mratibu akajibu kwamba atakuja Jumamosi.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumefika kwenye baraza ya kitabu cha kumi na tisa. Mchunga ng'ombe wa ranchi moja amekutwa amekufa karibu na mto, kando ya seng'enge. Washukiwa ni watatu: kaka yake, rafiki yake ambaye wote wawili walimpenda mwanamke mmoja, na bwana mmoja aliyenunua ardhi ya ukingoni akaizungushia waya. Mwandishi hakuijali ile waya. Aliitaja kwa mistari miwili, kama mtu anayetaja rangi ya pazia: kwamba hapo zamani ng'ombe walikuwa wakipita kwenda kunywa, na sasa pamefungwa. Aliowajali ni rafiki na mwanamke wake, kurasa mia moja na zaidi.

Mimi nilipoitafsiri ile mistari miwili, nilisema kwamba bwana huyo aliifunga malka. Ningesema nini kingine? Malka ndiyo njia ya mifugo kushukia mtoni kupitia katikati ya mashamba, imekuwepo kabla ya babu zetu, na hapa kwetu anayeifunga amegusa roho za watu. Nilipolitamka tu, kaka, rafiki na mwanamke wakafutika. Hakuna aliyewakumbuka tena.

Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo kila mtu kwenye mabenchi aliijua na hakuna aliyewahi kuitaja. Mto ulipohama baada ya mafuriko, ulikula sehemu ya shamba la mama wa Golbanti, na ukoo wao ukasogea na kupanda mahindi na migomba juu ya malka ya zamani. Ng'ombe waliokuwa wakipita pale walikuwa wa mzee. Misimu mitatu walikuwa wakizunguka, safari ya nusu siku zaidi, ndama wakifika maji wamelegea. Misimu hiyo yote mitatu mzee na mama waliketi benchi moja kila Jumamosi, wakamlilia shangazi mmoja, wakala viazi sahani moja. Habari ya malka hakuna aliyeigusa.

Mratibu aliingia tumeshaanza. Kijana nadhifu, kadi shingoni, akakataa maji ya kunywa niliyompa. Akasimama karibu na mlango na daftari lake.

Zamu ilikuwa ya mama. Nilimwona anajikaza.

"Mimi namtetea huyo bwana wa waya," alisema. "Watu wanamwita muuaji. Hakuna aliyeuliza kwa nini alifunga. Huenda mto ulimla shamba. Huenda ana watoto. Mtu akipoteza ardhi na mvua inakuja, apande wapi, juu ya paa? Hakufunga kwa ubaya. Alifunga kwa sababu alikuwa na mbegu mkononi."

Akaketi. Kitabu hakikusema lolote kuhusu mto kula shamba wala kuhusu watoto.

Mzee hakusimama mara moja. Ilikuwa zamu yake na alikuwa na haki ya kuichelewesha.

"Nimesikia," alisema. "Amesema vizuri. Mimi pia sisemi huyo bwana ni mubaya. Lakini ng'ombe haisomi karatasi ya shamba. Ng'ombe inajua maji iko hapa, mama yake ilimuonyesha. Ukifunga, mchungaji atazunguka. Leo atazunguka, kesho atazunguka. Siku moja ndama inakufa njiani, na mchungaji ni kijana, iko na hasira. Mzee wake anamwambia ngoja. Anamwambia tena ngoja. Huyo mzee naye anachoka kusema ngoja." Akaigusa fimbo yake. "Aliyekufa hapo kwa waya, mimi nasema hajauawa na rafiki. Ameuawa na kuzunguka."

Sikuandika kitu. Kalamu ilikuwa mkononi na sikuandika.

Mratibu akafungua daftari lake. "Samahani," alisema, akisogea mbele, "mnazungumzia malka gani?"

Watu wakatazama kitabu mikononi mwangu.

"Kama kuna malka iliyofungwa hapa, mradi lazima ujue. Hiyo ni hatari ya kwanza kabisa. Nani amefunga? Nitajieni jina, nitaandika ripoti, wahusika wataitwa." Akamgeukia mzee, kwa sababu ameona wazi nani mwenye ng'ombe. "Mzee, usiogope. Ni nani?"

Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umekauka. Sote tulijua ripoti inafanya nini. Majina yanaandikwa, magari yanakuja, vijana wa pande zote mbili wanasikia kwamba wazee wao wameshtakiana, na kabla ya mwezi kuisha mtu analala nje na panga. Na mzee alikuwa na haki. Neno moja tu lingemrudishia njia yake, kwa nguvu ya serikali, bila kumwomba mtu.

"Ya Amerika," alisema mzee.

"Samahani?"

"Malka ya Amerika. Tunaongea habari ya kitabu. Muulize Mwalimu."

Mratibu akaniangalia. Nikamwinulia kitabu nimwonyeshe jalada lenye mto na kofia ya mpelelezi. "Kitabu cha kumi na tisa," nikasema. Mungu anisamehe, niliifurahia ile sura yake.

Mama alivuta pumzi, kisha akainuka tena ingawa zamu yake ilikuwa imepita, na hakuna aliyemkataza.

"Mzee, huyo bwana wa kitabuni," alisema polepole, "tuseme amesikia. Tuseme anafungua hatua kumi na tano."

"Kumi na tano ni ya mbuzi. Ng'ombe inataka arobaini."

"Arobaini zinapita katikati ya migomba yake!"

"Marekani wana migomba?" mratibu akauliza.

"Kusini kuna joto," nikamjibu bila kupepesa macho.

"Ishirini na tano," mama alisema, "na ng'ombe wasije mahindi yakiwa machanga."

"Thelathini. Na mchungaji atakuja ni mutu muzima, atatembea upande wa shamba, si nyuma. Ng'ombe ikiingia kwa mahindi, mwenye ng'ombe mwenyewe anakuja kusimama hapo na kuona."

"Anakuja siku hiyohiyo. Asitume mtu."

"Siku hiyohiyo."

"Thelathini, basi. Lakini avune kwanza. Huyo bwana ameshapanda, hamwezi kumng'olea."

"Avune," mzee alisema. "Tumengojea misimu mitatu." Akasita. "Ng'ombe ya kitabuni."

Mama alitikisa kichwa kukubali, akaketi. Mimi nilitaka kupiga kigelegele na nikajizuia kwa shida, maana mgeni alikuwa anatazama. Mbele ya macho yake, penye daftari na kadi na viatu vyake safi, lilikuwa limemalizwa jambo ambalo vikao vya mradi vyenye soda na posho havikuwahi hata kulisogelea. Na yeye aliandika, niliona kwa macho yangu, kwamba washiriki wanajadili hadithi.

Nikachomoa pini nikasoma sura ya mwisho, kwa sababu ndiyo taratibu. Muuaji alikuwa rafiki, kwa ajili ya yule mwanamke. Mpelelezi anampiga risasi kwenye daraja, mvua inanyesha, anaenda nyumbani. Waya imebaki palepale. Hakuna hata aliyeitazama.

"Huyu mwandishi hajui kesi yake mwenyewe," mama alisema, akiwa amerudiwa na sauti yake ya sokoni. "Andika hivyo."

"Na sasa amepiga risasi," mzee akaongeza. "Nani atasema pole? Maiti? Andika kijana ya huyo mchungaji bado iko na hasira, na kitabu ya ishirini itakuwa mubaya."

Niliandika yote mawili. Mratibu akafunga daftari lake. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayewaambia watoto kwamba mchezo umekwisha. Alisema ameheshimu ushiriki wetu. Alisema hata hivyo amesikia maneno ya maiti, panga na risasi, katika eneo kama hili, na kwamba kesi za uongo zinaamsha hasira za kweli. Vitabu vya amani vingeletwa vingine, vyenye picha nzuri zaidi. Hivi viondoke leo, au ufunguo urudi leo, nichague.

Panga hakuna aliyelitaja. Alilisikia kichwani mwake mwenyewe.

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia kwamba nimefundisha watoto wa pande zote mbili za mto huu, na nimezika baadhi yao, kwa hiyo asinieleze kinachoamsha hasira. Hasira huamka pale watu wanapokosa mahali pa kusema jambo bila kutajana. Nilimwambia kwamba vijitabu vyake vinawaambia watu wapendane na haviwaachii hata nafasi ya kulalamika. Hawa wamesoma vitabu kumi na nane vya mtu wa mbali sana, wamemwambia kila alipokosea, na hakuna aliyemwogopa. Wamejifunza kubishana humu, kwenye benchi hili.

Nikaweka ufunguo mezani. Uliacha alama nyekundu kwenye kiganja changu, nadhani niliubana muda wote nikizungumza. Nilikipenda chumba kile. Niliumia, na siku nikipita pale mpaka leo naangalia upande mwingine.

Vitabu ni vyangu, na sanduku ni langu. Tukavipanga ndani, cha kwanza hadi cha ishirini na moja, na pengo la cha nane. Mama alishika upande mmoja wa sanduku. Lilikuwa zito, likampinda mgongo. Mzee akamkabidhi mwingine fimbo yake na kushika upande wa pili, na sijawahi kumwona mzee wa kifugaji akibeba mzigo na mwanamke mkulima namna ile, mchana kweupe, katikati ya Garsen. Malori ya Lamu yalikuwa yamesimama kwenye makutano, watu wakatazama. Watazame.

Walilitua chini ya kibaraza cha duka lililofungwa. Shemeji wa mama akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo: Jumamosi ijayo tutasomea wapi? Nyumbani kwangu kulikuwa kufinyu. Kanisani wengine wasingeingia, msikitini wengine wasingeingia. Tulisimama tukiwa na vitabu viwili ambavyo hatujavisoma, na mahali hatuna.

Mzee alijifuta jasho, akachukua fimbo yake.

"Twende kwa huyo bwana wa kitabuni," alisema. "Iko na nafasi kwake. Hatua thelathini."

Mama wa Golbanti alimkazia macho kwa muda. Nilidhani amekasirika.

"Njooni," alisema. "Lakini ng'ombe wangoje. Bado sijavuna."